Sura ya Saba: Farasi wa Posa

"Barafu ya umeme wa saa nane kwa siku ni maji tu," alisema Ranjan Raval, mkaguzi wa shirika la umeme, akijipandisha garini kwa shida kwa sababu ya goti lake la kushoto. "Twende zetu, Ismailbhai, ndugu yangu. Mwizi wetu hayumo humu."

Ismail, dereva wake, aliwasha gari huku akikitazama kiwanda cha barafu kwa masikitiko. Kwa siku mbili wote wawili walikuwa na hakika kwamba kiwanda hicho kinachota umeme wa wakulima wa Limbasan. Mwenye kiwanda alikuwa rafiki wa mtuhumiwa, alivaa pete nne, na alikuwa mwepesi mno wa kuagiza chai. Lakini laini ya mashambani huwa na umeme kwa saa nane tu kila siku, kisha hukatwa hadi kesho yake. Mtu akigandisha barafu kwa umeme huo, saa kumi na sita zinazobaki atakuwa anauza maji. Na Ranjan alikuwa ameyahesabu mabonge ya barafu ghalani yeye mwenyewe, mpaka vidole vikafa ganzi: yote yalikuwa magumu kama jiwe.

"Siku mbili zimekwenda bure," alisema Ismail. "Mkubwa Pandya atafurahi."

"Mkubwa Pandya hajafurahi tangu nimjue, na nimemjua miaka kumi na tisa."

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Kitengo cha Ranjan kilihakiki jedwali linalolinganisha kaboni itokanayo na umeme wa kilimo, kanda kwa kanda, katika jimbo zima la Gujarat. Kila laini ilikuwa na mstari wake: pampu zimetoa kaboni kiasi gani kwa kila ekari, na umeme kiasi gani umepotea njiani. Kwenye laini nyingine upotevu ulikuwa asilimia kumi, kumi na mbili. Limbasan ilikuwa asilimia sitini na moja. Zaidi ya nusu ya umeme ulioingia kwenye laini ile, hakuna aliyeweza kusema umekwenda wapi, na makaa ya mawe yaliyouzalisha yalikuwa yamekwisha kuwa moshi. Pandya, mkuu wa kitengo, hakujisumbua kufikiri sana. Umeme uliopotea ni umeme uliouzwa, na wa kuuuza ni yule mwenye ngazi. Basi fundi wa laini, Bhikhaji Thakor, alisimamishwa kazi, na barua ya kumfukuza ilikuwa mezani ikingoja ripoti ya Ranjan siku ya Jumatatu. Leo ilikuwa Ijumaa.

Ranjan alilikunjua jedwali juu ya mapaja yake.

"Ismailbhai, kwenu ni kusini, sivyo?"

"Kanjoda. Hatua mbili kutoka mfereji mkuu."

"Visima vyenu vina kina gani?"

"Futi sitini. Ukiinama unaona meno yako."

"Na hapa?"

Ismail alicheka. "Hapa ni futi mia nane. Ukidondosha jiwe, unaweza kwenda kunywa chai ukarudi ndipo ulisikie likianguka."

"Basi nieleze hili. Kaboni ya pampu za Kanjoda, kilo mia moja na tisini kwa ekari. Kaboni ya pampu za Limbasan, kilo mia mbili na tano."

Ismail alipunguza mwendo. "Zinakaribiana."

"Zinakaribiana mno! Mtu wa kwenu anachota maji sebuleni, wa hapa anayachota kuzimu, na wote wanatoka jasho sawasawa?"

"Labda watu wa hapa wana nguvu, dada."

"Au wana pampu ambazo hatujaziona. Geuza gari."

Pampu za Limbasan hazikuwa na mita. Mkulima alilipia kwa nguvu za farasi: kila mota ina kibao cha bati kilichopigiliwa ubavuni, kibao kinasema farasi ngapi, na karani wa ofisi anaandika kama alivyosoma. Ofisi ikitaka kujua umeme uliotumika, inazidisha farasi kwa saa, basi. Kwenye daftari la ofisi, pampu zote sitini na mbili za kijiji zilikuwa za farasi kumi na tano. Ranjan aliupenda usawa huo kama mama mkwe anavyoupenda ukimya wa ghafla jikoni.

Walimkuta Karsan Chaudhary, mkuu wa kijiji, kando ya shamba lake la viazi. Alikuwa mzee mnene, mwenye kilemba cheupe na sharubu zilizotunzwa kuliko watoto wengine wanavyotunzwa.

"Ranjanben! Karibu, dada, karibu! Umekuja wakati wa chakula, na ukikataa nitalia."

"Nitakula, Karsanbhai. Kwanza nifungulie kibanda cha pampu."

"Aa. Ufunguo." Karsan alijipapasa kifuani, mfukoni, hata kwenye kilemba. "Ufunguo anao mdogo wangu. Na mdogo wangu amekwenda harusini."

"Harusi iko wapi?"

"Mbali. Mbali sana."

"Basi kibanda kile cha jirani."

"Huyo naye yuko harusini."

Ranjan alitembea na goti lake vibanda kumi na kimoja, na vibanda vyote kumi na kimoja vilikuwa na kufuli, na funguo zote kumi na moja zilikuwa harusini. Alipomaliza, alikaa juu ya bomba la maji, akajipangusa jasho, akamtazama mkuu wa kijiji kwa upole mwingi.

"Karsanbhai, leo ni mwezi gani?"

"Desemba, dada."

"Kwa kalenda ya mama yako."

Karsan alianza kuhesabu kwa vidole, akaacha. Walikuwa katikati ya Kamurta, ule mwezi wa baridi ambao jua limekaa vibaya na hata bwana harusi mwenye haraka namna gani hungoja sikukuu ya vishada ipite. Hakuna kuhani wa Kihindu kutoka pale hadi baharini ambaye angemfungisha mtu ndoa. Ismail, ambaye ni Mwislamu, aligeuka akaangalia viazi ili asionekane anacheka.

"Ni harusi ya Wakristo," alisema Karsan.

"Kumi na moja?"

"Siku hizi wanaoana sana."

Ranjan hakumbana zaidi. Alikwisha kupata alichotaka: kijiji kizima kilikuwa na kitu nyuma ya kufuli, na walikuwa wamekubaliana uongo mmoja kwa haraka, bila kuangalia tarehe. Asingeweza kuvunja kufuli bila amri, na amri isingetoka kabla ya Jumatatu. Ilibidi mtu aseme mwenyewe.

Alianza na yule aliyekuwa na sababu kubwa kuliko wote ya kusema.

Bhikhaji Thakor alikuwa ukumbini kwake akirekebisha feni ya jirani. Alikuwa mtu mwembamba, mikono yake ina makovu ya miaka ishirini na minane ya kupanda nguzo. Alisimama alipomwona Ranjan, akamvutia kiti, akabaki amesimama.

"Ulimuuzia nani umeme, Bhikhajibhai?"

"Sikumuuzia mtu."

"Basi unakwenda wapi?"

"Mashambani, dada."

"Pampu za huko ni za farasi ngapi?"

"Imeandikwa ofisini."

"Nimesoma kilichoandikwa. Nakuuliza wewe. Wewe ndiye unayebadilisha fyuzi zao. Mkono wako unajua waya wa pampu ya farasi kumi na tano una unene gani."

Bhikhaji aliendelea kuifuta bisibisi yake kwa kitambaa ingawa ilikuwa safi.

"Jumatatu wanakufukuza," alisema Ranjan. "Bila pensheni. Wataandika mwizi, na jina hilo litakwenda na wewe kila mahali. Binti yako anasomea uuguzi, nimeambiwa."

"Mwaka wa pili."

"Neno moja tu, Bhikhajibhai."

"Kunywa chai, dada," alisema Bhikhaji. "Itapoa."

Ranjan aliinywa kwenye kisahani. Alimhurumia, na pia alimkasirikia kidogo, kama unavyomkasirikia mtu anayekataa dawa. Mtu anayeficha uovu wake huzungumza sana. Huyu hakuwa na uovu wa kuficha. Alikuwa amebeba wa watu wengine.

Chakula kilikuwa nyumbani kwa Karsan, na kilikuwa chakula cha kumfanya mkaguzi asahau kwao: mikate ya uwele iliyopakwa siagi ya nyati, mchuzi wa biringanya, kitunguu kilichopondwa kwa ngumi, na mtindi mwepesi wa chumvi glasi kwa glasi. Mke wa Karsan, Jiviben, aliongeza mkate kila Ranjan alipogeuka. Mkwe wake Gauri, mke wa mwana mkubwa, alipita na jagi akiwa amevuta ushungi hadi kidevuni kwa heshima ya baba mkwe.

Walipofikia glasi ya tatu, aliingia mzee wa Kibrahmani, tabaka la makuhani wanaoitwa Maharaj kwa heshima, mwenye mkoba wa ngozi, akavua viatu kama mtu wa nyumbani.

"Labhshankar, mshenga wetu," alisema Jiviben. "Anatutafutia mke wa mtoto wa pili. Sikukuu ya vishada ikipita tu, tunaanza."

"Nimeandika upya karatasi ya posa ya kijana," alisema Labhshankar, akikaa. Alimwona mgeni kutoka makao makuu na akaona ni heri asome kwa sauti. "Kijana, miaka ishirini na minne, kidato cha sita. Havuti sigara. Ekari kumi na mbili. Nyati watano, wote wana maziwa. Nyumba ya ghorofa. Kisima chao wenyewe, pampu ya farasi ar..."

Karsan alipaliwa na mtindi.

Alikohoa kikohozi kirefu, kizito, cha mtu anayetaka kikohozi kisiishe. Jiviben alimpiga mgongoni. Ranjan aliliweka tonge chini.

"Farasi ngapi, Maharaj?"

"Arobaini," alisema Labhshankar, kwa fahari.

"Una hakika?"

"Mimi?" Mzee alijinyoosha. "Dada, nimeozesha watu miaka thelathini na tatu. Upande huu hakuna baba anayetoa binti bila kuuliza pampu. Rangi ya kijana hawaulizi, pampu wanauliza. Tena mjomba wa binti huja mwenyewe, anasimama penye bomba, anatazama maji yanavyotoka. Nikiandika farasi arobaini, ni arobaini. Karatasi zangu hazijapata kudanganya."

"Unazo nyingine humo mkobani?"

"Za kijiji kizima!"

"Labhshankar," alisema Karsan kwa sauti ndogo, "mkate wako unapoa."

Lakini msanii akishaombwa kuonyesha kazi yake huwezi kumzuia. Karatasi zilitoka moja baada ya nyingine, za mwaka huu na za nyuma, zikajaa mkekani katikati ya biringanya na siagi. Farasi thelathini na tano. Arobaini. Thelathini. Arobaini na tano, na hapo Labhshankar alisita, akakiri kwamba huyo baba yake ana majivuno. Ranjan alizinakili zote kwenye daftari lake, na kila jina aliliangalia kwenye orodha ya ofisi. Kumi na tano. Kumi na tano. Kumi na tano.

Usiku ule alipiga hesabu mara mbili, akalala usingizi mzuri.

Asubuhi saa kumi na mbili na nusu, Limbasan yote huwa mahali pamoja, penye kituo cha kukusanyia maziwa. Wanaume kwa wanawake hupanga foleni na makopo yao, wanapimiwa mafuta ya maziwa, wanasengenyana, wanarudi nyumbani. Ranjan alikuwa amekwisha kaa juu ya benchi la zege, shali mabegani, daftari mkononi. Bhikhaji alikuwa nyuma kabisa ya foleni na kopo lake la lita mbili. Nafasi ya hatua tatu ilikuwa kati yake na watu wengine, na hakuna aliyekuwa akiitazama.

"Ndugu zangu," alisema Ranjan, "sitawachelewesha, maziwa yasiharibike. Nina swali moja. Hapa nina karatasi mbili za kila nyumba. Moja mlipeleka ofisini. Ya pili mlipeleka kwa wakwe zenu."

Foleni iliacha kusogea. Mashine ya kupimia mafuta peke yake iliendelea kunguruma.

"Ofisini, kila pampu ni farasi kumi na tano. Kwa wakwe ni thelathini, ni arobaini. Pampu ni ile ile. Kwa hiyo mmoja amedanganywa, ama serikali ama mkwe. Kama ni mkwe, sawa, hayo si ya ofisi yetu. Nitaandika kwamba vibao vinasema kweli, kwamba umeme uliozidi umeibwa, na Jumatatu Bhikhajibhai atakuwa mwizi. Lakini nitawaomba wanawake wa hapa wawapigie baba zao simu."

Kulikuwa na mnong'ono upande wa wanawake. Gauri alikuwa amesimama nyuma ya mama mkwe wake, ushungi umemfunika uso wote. Kwa adabu za kwao mkwe hasemi mbele ya baba mkwe, hata nyumba ikiungua. Aliinama kwenye sikio la Jiviben.

"Anauliza," alisema Jiviben kwa sauti ya kufika shambani, "kama baba yake alidanganywa."

Karsan aliukung'uta ukingo wa kilemba chake.

Gauri alinong'ona tena.

"Anasema mjomba wake alisafiri kilomita tisini kuja kutazama bomba. Anataka kujua alitazama maji au alitazama kiini macho."

"Mwambie..." Karsan alianza.

"Mwambie mwenyewe, yuko hapa!"

Karsan aliwatazama wanaume wenzake. Wote walikuwa wakichunguza makopo yao. Kisha akageuka, na kwa mara ya kwanza baada ya siku kumi na mbili, tangu barua ya kusimamishwa kazi ifike, alimtazama Bhikhaji usoni. Yule fundi alitikisa kichwa kidogo, kumwambia asiseme. Hilo ndilo lililommaliza Karsan.

"Andika arobaini," alisema Karsan. "Kibao cha kumi na tano alinigongea fundi wa mota mjini, kama alivyowagongea wote. Mwaka wa kwanza tuliona ni ujanja. Halafu tukazoea. Andika arobaini, Ranjanben. Sikumdanganya mkwe wangu."

"Thelathini na tano!" alisema mwingine upesi, kwa maana mkewe alikuwa amemkazia macho.

"Arobaini!"

"Thelathini! Lakini nzuri!"

Mikono ilipanda mpaka Ranjan akashindwa kuandika, ikabidi Ismail ashike kalamu ya pili. Kati ya kuitwa mdanganyifu wa serikali na kuitwa mdanganyifu wa wakwe, Limbasan haikusita hata kidogo. Ilikuwa kama mnada wa ng'ombe, isipokuwa kila mtu alikuwa akijipandishia faini. Labhshankar alisimama penye mlango wa kituo, mikono nyuma, akipokea heshima zake.

Mtu mmoja hakunyoosha mkono. Alikuwa Valji, mkulima mpole mwenye ekari tatu, aliyeoa mwaka juzi kutoka mbali.

"Na wewe, Valjibhai? Kwenye karatasi ya posa ni thelathini."

Valji alimtazama mkewe kwa jicho la pembeni. "Mimi, dada... kibao changu kinasema kweli."

Mkewe alitua kopo chini taratibu.

"Kumi na tano?" alisema.

"Inavuta vizuri tu!"

"Tutazungumza nyumbani," alisema mkewe, na kijiji kizima kilicheka mpaka maziwa yakamwagika.

Saa mbili asubuhi funguo zote zilikuwa zimerudi kutoka harusini. Ismail alizunguka na kipimo cha kubana waya, kibanda kwa kibanda. Mota ya farasi kumi na tano huvuta ampea ishirini. Ya Karsan ilivuta hamsini na mbili. Ya Valji ilivuta ishirini kamili, maskini. Ranjan aliziingiza farasi mpya kwenye jedwali. Kaboni ya pampu za Limbasan iliruka hadi kilo mia nne sitini na saba kwa ekari, na upotevu wa laini ukashuka kutoka asilimia sitini na moja hadi kumi na moja, kama kwa majirani wote. Hapakubaki umeme wa kuibiwa. Alimpigia mkuu wake.

"Nani mwizi?" aliuliza Pandya.

"Hakuna mwizi, mkubwa. Kuna maji, na maji yako mbali. Vibao vilidanganya, wenyewe wamesaini, watu sitini na mmoja. Ichane ile barua."

"Sitini na mmoja wamekiri? Kwa hiari yao?"

"Kwa furaha, ungewaona. Uichane sasa, nisikie."

Pandya alinung'unika, lakini karatasi ikasikika ikichanika, na Ranjan aliomba ichanwe mara ya pili ili awe na hakika.

Karsan alikuwa amesubiri pembeni. "Kwa hiyo sasa kwenye jedwali lako sisi ni wa ngapi?"

"Wa kwanza katika kanda yote."

Sharubu zilinyanyuka. "Wa kwanza!"

"Kwa uchafu, Karsanbhai."

"Lo." Alifikiri. "Na bili ya farasi?"

"Itapanda."

"Najua itapanda." Alivuta pumzi, akaenda moja kwa moja hadi alipokuwa Bhikhaji, akamkamata mabega yote mawili kwa ukali. "Mpumbavu wewe! Siku kumi na mbili! Neno moja tu ungesema, ungebaki na kazi yako!"

"Ningebaki na kazi," alisema Bhikhaji, "nikose nyumba ya kunywea chai."

Karsan alimwachia mabega. Macho yalimjaa, akaona haya, akawafokea wake kwa waume kwamba chai iko wapi, kijiji gani hiki, mtu amesimama tangu alfajiri hana hata kikombe. Vikombe vikaja kutoka nyumba tano. Bhikhaji alikaa kwenye benchi la zege, katikati, na hapakubaki nafasi hata ya hatua moja kati yake na mtu yeyote.

Alikuwa ameinua kisahani cha kwanza mtu alipokuja mbio kutoka mashambani, jasho likimtoka.

"Bhikhajibhai! Fyuzi imekatika kwangu, umeme una saa mbili tu zimebaki, na viazi vinakufa!"

"Na kwangu, tangu Jumatano!" alisema mwingine.

"Kwangu nguzo imelala!"

Wote walimgeukia. Bhikhaji alipuliza chai yake, akanywa, akafuta midomo kwa nyuma ya mkono wenye makovu.

"Ndugu zangu," alisema, "mimi nimesimamishwa kazi mpaka Jumatatu."

Na akaomba aongezewe sukari.